KONOKONO MDOGO WA MILIMA YA TAITA

Mtu ashukaye katika stesheni ya Voi wakati wa kiangazi huona nchi kavu, nyekundu kwa vumbi. Mibuyu imesimama bila majani, migunga imebaki miiba mitupu, na mashamba ya mkonge yamejipanga safu kwa safu mpaka macho yachoke. Mbuga ya Tsavo i karibu, na si ajabu kumwona ndovu, naye rangi yake ni ile ile ya udongo, akivuka njia kwa utulivu kutafuta maji. Katika nchi kama hiyo ni vigumu kuamini kwamba safari ya saa moja au mbili tu kutoka hapo anaishi mnyama mdogo ambaye jua la mchana mmoja linatosha kumwua.

Lakini mgeni akiinua macho ataiona milima. Mlima wa Sagalla umesimama karibu na mji wenyewe. Kusini, mbali kidogo, ni Kasigau. Upande wa magharibi ni milima mikubwa ya Wadawida, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Vuria, hupita futi 7,200 juu ya bahari. Gari likipita Mwatate na kuanza kupanda njia ya mizunguko kwenda Wundanyi, hewa hubadilika. Migomba huonekana, maji husikika yakianguka kando ya njia, na asubuhi ukungu hulala juu ya vilele hata saa nne au saa tano. Hapo juu, katika vipande vichache vya msitu wa asili vilivyosalia, ndipo nyumbani pa konokono anayesimuliwa hapa.

Jina lake katika vitabu vya wataalamu ni Gulella taitensis. Kila mnyama na kila mmea hupewa na wataalamu majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la ukoo wake, la pili ni lake mwenyewe. Neno taitensis maana yake ni "wa Taita". Aliyempa jina hilo, mwaka wa 1963, ni Bwana Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba kazi yake haikuwa konokono hata kidogo. Yeye alikuwa mtaalamu wa mimea, naye alikuwa katika nyumba ya kuhifadhia mimea mikavu mjini Nairobi. Mwaka wa 1964 akaenda kufanya kazi katika bustani mashuhuri ya Kew karibu na London. Konokono aliwapenda tu, kama mtu mwingine apendavyo kuvua samaki au kucheza bao, na kwa mapenzi hayo aliandika habari nyingi za konokono wa nchi hizi kuliko watu wengi waliolipwa kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 2011.

UMBO LAKE NA CHAKULA CHAKE

Konokono wa ukoo wa Gulella ni wengi. Wako aina mia kadhaa katika Afrika, na karibu wote ni wadogo sana. Kwa kawaida hawafiki sentimita moja, na wengi ni wa milimeta chache tu, kama punje ya mchele au ya mtama. Gamba lao halikukaa kama la konokono wakubwa wa mashambani, yaani pana chini na lenye ncha juu. Lao ni kama pipa dogo, au kama kifuko cha mdudu anayetaka kugeuka kipepeo. Mtu asiye na habari akiliona juu ya kiganja chake atalipuliza aliondoe, akidhani ni mbegu ya nyasi.

Akitazama kwa kioo cha kukuzia, hataona mbegu tena. Mlango wa gamba hilo una meno. Si meno ya kutafunia, bali ni vibonyeo na vijiti vigumu vilivyoota kutoka katika gamba lenyewe, vikaelekea ndani, hata nafasi iliyobaki ni nyembamba kama tundu la kufuli. Mtu atashangaa jinsi mwenye nyumba anavyoweza kutoka na kuingia. Lakini mwili wa konokono ni laini, nao hupita penye nafasi ndogo sana kwa kujinyoosha. Wataalamu wengi hudhani kwamba meno hayo ni ulinzi, maana mende na wadudu wengine walao konokono hawawezi kujinyoosha hivyo. Kila aina ina meno yake: hii ina matatu, ile ina saba, nyingine ina jino moja kubwa upande wa kulia. Kwa kuyahesabu na kutazama mahali yalipo, mtaalamu hujua ni nani aliye mbele yake, kama vile mtu wa Posta ajuavyo alama ya kila mji katika muhuri wa barua.

Meno halisi ya kulia chakula yako kwenye ulimi. Ulimi wa konokono ni kama tupa ya fundi: umejaa vimeno vidogo vilivyopangwa safu nyingi, na vikichakaa hutoka vingine nyuma kuchukua nafasi yao. Konokono walao majani au kuvu huwa na vimeno vifupi vya kukwangulia. Gulella sivyo. Vimeno vyake ni virefu na vikali, vimepinda kama ndoana, kwa sababu yeye hali majani. Yeye ni mla nyama, na nyama aitakayo ni ya konokono wenzake.

Huenda hili likamshangaza msomaji, maana konokono amekuwa mfano wa mnyonge na mvivu tangu zamani. Lakini chini ya majani makavu ya msitu, huyu mdogo ni kama chui. Hufuata njia ya ute aliyoiacha mwenzake, akimfikia huingiza kichwa chake ndani ya mlango wa gamba la yule, na kidogo kidogo humla mpaka ndani kabisa. Mwenye gamba hana pa kukimbilia, kwa kuwa tayari yuko ndani ya nyumba yake. Kazi hiyo haina haraka. Wote wawili ni konokono.

Katika mambo mengine Gulella ni kama konokono wengine wa nchi kavu. Hupumua hewa kwa pafu lililo chini ya gamba, lenye tundu dogo upande mmoja wa mwili. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, walakini kwa kawaida hukutana wawili kabla ya kutaga mayai. Hutembea juu ya ute wake mwenyewe, na ute huo ni maji anayoyatumia kutoka mwilini. Ndiyo sababu hawezi kusafiri penye ukavu. Siku za kiangazi hujificha chini ya gogo au ndani kabisa ya majani yaliyooza, akangojea mvua za vuli.

MLIMA KAMA KISIWA

Msomaji atauliza: kwa nini konokono huyu awe wa Taita, asiwe wa Kenya yote? Jibu limo katika ule ukavu wa Voi.

Milima ya Taita ni ya mwisho upande wa kaskazini katika safu ndefu ya milima ya zamani sana inayoanzia kusini mwa Tanzania, ikapita Udzungwa, Uluguru, Usambara na Pare, ikaishia hapa. Milima hiyo haikutoka moto kama Kilimanjaro. Mawe yake ni ya zamani kupita kiasi. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika bila kuacha maji mengi, lakini ukigonga milima hupanda, ukapoa, na unyevu wake ukageuka ukungu na mvua. Kwa hiyo katika zama zile ambazo sehemu kubwa za Afrika zilikauka na misitu ikafa, vilele hivi viliendelea kupata maji kutoka baharini, na misitu yake ikadumu.

Ndege aweza kuruka kutoka Pare mpaka Taita. Nyani na nguruwe wanaweza kuvuka nyika. Konokono wa milimeta chache hawezi. Kwake yeye, nchi iliyo kati ya Mwatate na Pare ni bahari isiyo na ng'ambo, na mlima ni kisiwa. Viumbe waliofungiwa kisiwani kwa muda mrefu mno hubadilika polepole kwa njia yao wenyewe, mpaka wakawa aina mbalimbali na ndugu zao wa visiwa vingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa konokono, na si kwao tu. Kuna ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani ila Taita, na mmoja wao, aina ya kurumbiza mwenye kichwa cheusi, hutafuta chakula chake katika majani makavu yale yale. Kuna kipepeo wa Taita. Kuna ua dogo la zambarau liotalo Mbololo, ndugu wa yale yanayouzwa katika vyungu vidogo madukani Ulaya. Kuna na mnyama wa ajabu afananaye na nyungunyungu mkubwa, naye si nyungunyungu bali ni wa jamii ya vyura, ijapokuwa hana miguu. Aina moja yake hukaa milima ya Wadawida, na nyingine hukaa Sagalla peke yake; hiyo ya pili haikupewa jina na wataalamu mpaka mwaka wa 2005, ingawa wenyeji wameifukua kwa majembe yao tangu mababu.

Kati ya Sagalla na milima mikubwa si mbali, mtu huona kutoka huku mpaka huko. Hata hivyo umbali huo umetosha kuwatenga.

MSITU ULIOSALIA

Mwaka wa 1955 ndege ilipita juu ya milima ya Taita ikapiga picha za ardhi. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, ambao wana kituo chao cha uchunguzi Wundanyi, walizichukua picha hizo wakazilinganisha na picha nyingine zilizopigwa mwaka wa 2004. Waliyoyaona yafaa kuelezwa kwa uangalifu, kwa kuwa mtu akisikia nusu yake tu atapotea.

Ukihesabu miti yote, milima ya Taita haikupoteza msitu mwingi katika miaka hiyo. Upungufu ulikuwa kama mbili katika mia. Mtu aweza kusimama barabarani akasema, "Miti ipo." Lakini ukiuhesabu msitu wa asili peke yake, nusu yake ilikuwa imekwisha. Zilipotea kama hekta 260, yaani eka 640 hivi. Mahali pake palikuwa pamepandwa mikaratusi, misonobari na misipresi, miti ya kigeni iotayo upesi na kutoa mbao na nguzo.

Kwa mwenye nyumba atakaye boriti, mti wa kigeni ni mali, na hapana haja ya kuusema vibaya. Ulipandwa kwa sababu watu walitaka kuni na mbao, na kila shina la mkaratusi lililokatwa ni shina moja la asili lililoachwa, kama watu wakitumia busara. Lakini kwa konokono, msitu si miti iliyosimama. Msitu ni kile kilicho chini ya miti: majani mapana yaliyoanguka mwaka huu juu ya yale ya mwaka jana, yakalala juu ya yale yaliyokwisha kuwa mboji, yote yakiwa na unyevu kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Sindano za msonobari hazifanyi tandiko kama hilo. Zinakauka upesi, zinaoza polepole, na chokaa ndani yake ni kidogo.

Hilo neno la chokaa ndilo kubwa. Gamba la konokono ni chokaa. Hawezi kulitengeneza kwa kitu kingine, wala hawezi kuishi bila hilo. Katika mawe ya Taita chokaa si nyingi, basi konokono walao majani na kuvu huipata kidogo kidogo katika majani yaliyooza, na wale walao nyama huipata kwa kuwala hao. Chokaa ikipungua chini, wote hupungua, kutoka mnyonge mpaka chui.

Vipande vya msitu wa asili vilivyosalia ni vichache na vidogo. Kikubwa ni Mbololo, kama hekta 200. Ngangao ni kama hekta 120. Chawia haifiki mia. Baada ya hivyo ni vipande vya Fururu, Vuria, Yale, Mwachora, Macha na vingine, ambavyo baadhi yake mtu aweza kuvizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kati ya kipande na kipande ni mashamba ya mahindi, maharagwe na mboga, nyumba, shule, na barabara. Watu wa Taita ni wengi na ardhi yenye mvua ni kidogo, maana chini ni nyika na sehemu kubwa ya kaunti imo ndani ya mbuga ya Tsavo. Mzee mwenye watoto sita na shamba la eka mbili hawezi kulaumiwa akiutazama ukingo wa msitu kwa macho ya njaa.

Tena yapasa kusema kwamba vingi vya vipande hivyo havikubaki kwa bahati tu. Tangu kale Wadawida walikuwa na fighi, yaani misitu midogo mitakatifu iliyolindwa na wazee. Humo hapakuruhusiwa kukata mti wala kuokota kuni ovyo, na mwenye kuvunja mwiko alitozwa mnyama. Watu waliamini kwamba fighi huilinda nchi na maadui na kuiletea mvua. Haikuwa nia ya wazee kumhifadhi konokono, na pengine hawakumwona kamwe. Hata hivyo, wanapochunguza viumbe wadogo, wataalamu wa leo hupenda kufika katika misitu hiyo ya zamani kwanza, kwa sababu tandiko la majani yake halikuguswa.

SI KONOKONO WOTE WALIO SAWA

Watu wengi wakisikia neno konokono huwaza ugonjwa wa kichocho, nao wana haki ya kuogopa, hasa wale wa Taveta ambako mashamba hupata maji ya mifereji. Lakini konokono wabebao kichocho hukaa majini: katika mifereji, mabwawa na maji yasiyokwenda kasi. Konokono wa msituni hamletei mtu kichocho. Yule mwingine, konokono mkubwa wa kahawia mwenye urefu wa kidole au kupita, alaye miche ya mboga usiku, ni adui wa mkulima kweli, lakini hana ujamaa wa karibu na Gulella. Huyo asili yake ni pwani ya Afrika ya Mashariki, na habari zake zimefika mbali kuliko wengi wajuavyo.

Kutoka pwani hii watu walimchukua mpaka Mauritius, na mwaka wa 1847 akafikishwa Calcutta katika Bara Hindi. Kutoka hapo alienea Asia, na baadaye akafika katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako aliharibu mashamba vibaya. Wakulima wa huko walipokata tamaa, wataalamu wao walitoa shauri: kwa kuwa konokono huyu ametoka Afrika ya Mashariki, bila shaka huko kwao wako wanaomla, basi na waletwe. Wakaja kutafuta Kenya. Mwaka wa 1950 konokono wala nyama waitwao Gonaxis kibweziensis, wa jamii moja na Gulella ila wakubwa zaidi, walifunguliwa katika kisiwa kidogo cha Agiguan. Kama jina lao lionyeshavyo, hao ni konokono wa Kibwezi, pale pale njia ya reli kati ya Voi na Nairobi. Baada ya hapo walipelekwa Hawaii na kwingineko.

Hao wa Kibwezi hawakumaliza konokono wakubwa. Basi mwaka wa 1955 waliletwa Hawaii wengine kutoka Marekani, wenye nguvu na mbio kuliko wao, na mwaka wa 1977 wakafikishwa katika kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti. Wageni hao hawakupenda kuhangaika na konokono mkubwa mwenye gamba gumu. Walipanda juu ya miti wakawakuta konokono wadogo wazuri wa kisiwa kile, ambao magamba yao wanawake walikuwa wakiyatunga kuwa mikufu, nao hawakujua kumkimbia adui kwa kuwa hawakuwa wamepata kuwa naye. Kwa muda wa miaka kumi tu, karibu wote wa asili walikuwa wamekwisha katika kisiwa cha Moorea. Waliookoka ni wachache waliokuwa wamechukuliwa mapema na kutunzwa katika masanduku ya kioo katika bustani za wanyama, London ikiwa mojawapo. Vizazi vyao vimeanza kurudishwa visiwani tangu mwaka wa 2015, kwa gharama kubwa.

Jambo hilo laonyesha jinsi viumbe wa kisiwa walivyo dhaifu, na Ngangao na Mbololo ni visiwa. Kuna hatari nyingine ndogo ambayo watu hawaifikirii: miche ya vyungu na udongo wa bustani viletwavyo kutoka mbali huweza kubeba mayai ya konokono wa kigeni ndani yake.

FAIDA YAKE NI NINI?

Swali hili litaulizwa, na ni la haki. Konokono wa Taita haliwi, haponyi ugonjwa wowote, wala hauziki. Watu wa pwani walikuwa wakitumia kauri kama fedha zamani, lakini gamba la Gulella hata mtoto hawezi kulitunga uzi.

Jibu moja limetoka Uholanzi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa nchi hiyo waliona kwamba katika misitu fulani ndege wadogo walikuwa wakitaga mayai yenye maganda membamba, mengine yakivunjika katika kiota, na mengine yakiwa hayana ganda kabisa. Walitafuta sababu kwa muda mrefu. Mwishowe waligundua kwamba mvua iliyochafuliwa kwa moshi wa viwanda ilikuwa imeiondoa chokaa katika udongo, konokono wadogo wakafa, na ndege waliokuwa wakila konokono hao kwa ajili ya chokaa yao wakakosa kitu cha kutengenezea maganda. Walipowawekea vipande vya magamba msituni, mayai yakawa mazima tena. Kabla ya hapo hakuna aliyefikiri kwamba ndege wa juu ya mti ana deni kwa konokono wa chini.

Hivyo konokono ni mmoja wa wafanyakazi wa tandiko lile la majani, pamoja na nyungunyungu, jongoo, mchwa na kuvu. Wakiwa wengi, majani huoza vizuri na kuwa mboji. Udongo wenye mboji hunywa mvua kama sifongo na kuitoa polepole. Mto wa Voi chanzo chake ni katika milima hii. Unashuka, unapita Voi, unaingia mbuga ya Tsavo mpaka bwawa la Aruba lililojengwa mwaka wa 1952. Si kweli kusema kwamba konokono ndiye aletaye maji. Lakini mahali konokono wa msituni walipo wengi wa aina nyingi, mtu aweza kujua, bila kupima, kwamba tandiko la majani bado ni zima. Wakipungua, ni alama kwamba kitu fulani chini kimekauka, hata kama miti bado imesimama.

JINSI YA KUMTAFUTA

Wataalamu wanapotaka kujua konokono walioko msituni hawahitaji mitambo mikubwa. Huchagua mahali, wakatafuta kwa macho kwa muda uliopimwa, wakigeuza magogo na mawe na kuyarudisha kama yalivyokuwa. Kisha huchukua kiasi kilichopimwa cha majani yaliyooza, wakayaweka katika chekeche, wakachekecha juu ya kitambaa cheupe. Kinachopita hukaushwa na kutazamwa kidogo kidogo kwa kioo cha kukuzia. Kazi hiyo huchosha macho, lakini mara nyingi ndiyo inayotoa wale wadogo kabisa. Kwa njia hiyo, katika misitu ya Afrika ya Mashariki, zimehesabiwa aina makumi katika msitu mmoja, na jamii ya wala nyama, yaani jamii ya Gulella, ni miongoni mwa zile zenye aina nyingi kuliko zote. Magamba yaliyokusanywa huhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, kila moja na kikaratasi chake kinachotaja mlima, tarehe na jina la aliyeokota.

Mwalimu wa shule iliyo karibu na msitu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili bila kuingia msituni kabisa, maana msitu wa hifadhi hauchukuliwi kitu bila ruhusa ya wasimamizi wa misitu. Chekeche ya unga, karatasi nyeupe, na konzi mbili za majani yaliyooza kutoka chini ya mti wa asili kando ya kijito zatosha. Mkuyu au mti wowote wa kienyeji wenye majani mapana ulioachwa mpakani mwa shamba huwa na wakazi wake. Wakulima wengine wa Taita wameacha miti kama hiyo kando ya vijito, na kumekuwa na mipango ya kuigeuza baadhi ya misitu ya kupandwa iwe ya asili tena, ili vipande vilivyotengana viunganishwe. Mti wa kienyeji haukui kama mkaratusi, na konokono hawezi kusafiri mita nyingi kwa mwaka. Yeyote aanzaye kazi hiyo anawaanzia wajukuu zake.

Wakati mwingine chekeche hutoa kitu kingine. Mahali palipokuwa msitu na sasa ni shamba la mahindi, udongo wa mpakani ukichekechwa, huonekana vipipa vidogo vyeupe, vikavu, visivyo na mtu ndani, na meno yao bado yamesimama mlangoni. Gamba la konokono aliye hai hung'aa kama kioo. Lililokaa udongoni huwa jeupe kama chaki. Mtaalamu aweza kusoma katika hayo ni aina gani zilizokaa pale kabla ya jembe. Lakini udongo wa milima hii una uchachu, nao huila chokaa, na baada ya miaka michache hata hayo magamba hayaonekani tena.